Ziara ya Gisozi, Nyamata na kijiji cha maridhiano: nilichokipata kwa faranga 60,000

Madereva wenzangu wa njia ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, siku ya kusubiri kushusha mzigo Kigali mnaijua ilivyo. Mmoja analala ndani ya kichwa cha gari, mwingine anasukuma kete za drafti hapo yadi, mwingine anazunguka kutafuta ugali wa sembe uliosongwa kama wa Benako, kule kwetu Ngara, na anarudi na njaa yake. Safari hii mimi nikaamua kulipia ziara. Kampuni siitaji jina, maana nina maneno mawili matatu yasiyo mazuri juu yake, ila ziara za namna hiyo ziko nyingi na zinafanana: asubuhi Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, mchana kanisa la Nyamata, jioni kijiji cha maridhiano huko huko wilaya ya Bugesera, halafu mnarudishwa mjini.

Bei ya mtu wa Afrika Mashariki ni faranga 60,000, chakula cha mchana kikiwemo. Mzungu analipa kwa dola, tena zaidi. Mjue kwamba Gisozi kuingia ni bure. Pale unalipia kifaa cha kusikilizia maelezo, ukikitaka. Kwa hiyo hizo elfu sitini ni za gari, za mwongozaji na za kijiji.

Gari nianze nalo, maana ndiyo kazi yangu. Basi dogo, safi, mikanda yote inafunga. Dereva hakuzidisha mwendo hata pale barabara ya Bugesera inaponyooka na kukutamanisha, na kila penye kivuko cha waenda kwa miguu alipunguza mapema bila kushtua abiria. Sina neno naye. Mwongozaji ni kijana mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu. Wazazi wake walikimbilia Karagwe enzi za machafuko ya Rwanda ya 1959 na yeye akazaliwa huko. Gisozi alikuwa hodari. Mambo yaliharibika baadaye.

Gisozi sitawachosha, maana wengi mmepita pale angalau kwa nje. Juu ya kilima wamezikwa zaidi ya watu 250,000, chini ya mabamba mapana ya zege, na maua ya waridi huwekwa juu yake. Ndani maelezo yanaanzia kwa Wabelgiji na vile vitambulisho vya kabila, yanapita kwenye vyama na redio za uchochezi, yanafika tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda inatoka Dar es Salaam kwenye mkutano, ndani yumo na Rais Ntaryamira wa Burundi, inadunguliwa ikikaribia kutua. Hapo Mtanzania unajikuta umesimama kidogo. Juu kuna chumba cha watoto: picha kubwa, jina, chakula alichopenda, mchezo wake, halafu mstari wa mwisho unaosema aliuawaje. Mle ndani nenda peke yako, usiende na mtu wa kuongea. Mwaka 2023 UNESCO waliiingiza Gisozi kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero, na hata bila wao ningekwambia uende.

Chakula cha mchana: melanji ya kawaida, ndizi, viazi, maharage, isombe (kisamvu chao), na nyama kipande kimoja kama sheria yao inavyotaka. Ni sawa. Kisichokuwa sawa ni kwamba baada ya kula tulipitishwa kwenye duka la vikapu na vinyago, tukakaa humo mpaka mama mmoja wa Kampala akaanza kusinzia kwenye kiti cha muuzaji. Ni dhahiri kampuni ina chake pale. Muda tuliopoteza ulikuja kukatwa Nyamata, na hilo ndilo kosa la kwanza ninalowaandikia.

Nyamata haitaki haraka. Ni kanisa la matofali, si kubwa. Watu walikimbilia humo Aprili 1994 kwa sababu miaka ya nyuma, vurugu zilipotokea, kanisani waliachwa salama. Safari hii hawakuachwa. Waliouawa humo na kulizunguka wanakadiriwa kuwa 10,000. Nguo zao ziliwekwa kwenye mabenchi, marundo kwa marundo, zimekuwa na rangi moja ya udongo. Ukiangalia juu, bati lina matundu na jua linapenya kama vijinyota. Kitambaa cha madhabahuni bado kina madoa. Nje kuna kaburi la mama wa Kiitaliano, Antonia Locatelli, aliyepiga simu redio za nje mwaka 1992 kusema kwamba Watutsi wa Bugesera wanauawa kwa mpango, akapigwa risasi muda mfupi baadaye. Miaka miwili kabla! Mwongozaji wa hapo Nyamata alikuwa anaeleza vizuri kabisa, taratibu, lakini kijana wetu alishaanza kutazama saa. Mimi kaburi la Locatelli nililiona kwa kuchungulia nikiwa naitwa garini.

Sasa kijiji. Hapa ndipo hasa nilitaka kufika, na hapa ndipo kampuni ilipoboronga.

Kijiji cha maridhiano ni hivi: nyumba za matofali na bati zimepangwa kwa mistari, ndani wanaishi waliookoka na waliotoka jela baada ya kukiri kuua, wamejengeana nyumba wenyewe. Wageni mnakalishwa kwenye mabenchi kivulini. Anasimama mzee mmoja anasema aliua, anataja wapi na nani alikuwa naye. Anakaa. Anasimama mama anasema alifiwa na nani na nani, na kwamba alisamehe. Wanakaa benchi moja. Kisha ngoma, kisha vikapu, kisha bahasha ya mchango.

Mimi ni Mhangaza wa Ngara. Kinyarwanda nakisikia bila mkalimani, kwa hiyo nilikuwa namsikiliza yule mzee mwenyewe na si kijana wetu. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kueleza. Muda wa maswali ulipofika nikauliza jambo dogo: zile ng'ombe za mama walizochukua, zililipwa? Maana gacaca, zile mahakama za kijijini zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, ilikuwa na fungu la tatu, la mali: aliyekula ng'ombe, aliyeng'oa bati, aliyebeba milango, alihukumiwa kurudisha au kufidia. Kijana wetu akacheka kidogo, akasema muda umekwisha na barabara itakuwa na foleni.

Mama alikuwa amenisikia. Tulipokuwa tunaelekea garini akaja kando yangu, akanijibu kwa Kinyarwanda, polepole. Ng'ombe hazijalipwa mpaka leo, na hazitalipwa, kwa kuwa mzee hana kitu. Alichomlipa ni kumwonyesha shimo. Lilikuwa shimo la choo cha zamani, juu yake limeshapandwa migomba, na bila mtu wa ndani ya kundi lile kusema, asingelijua mpaka anakufa. Wakafukua, akapata mifupa ya kaka zake, wakaenda kuizika kwa heshima. Kwa kusema hivyo mzee alipunguziwa miaka ya jela, na sehemu ya iliyobaki akaimaliza kwa kazi za jamii, kuchonga barabara na kujenga nyumba. Nikamuuliza mama kama aliona bei hiyo ni haki. Akasema hakuna aliyemuuliza bei. Akaongeza kwamba watoto wa mzee ndio wanaomtekea maji akiugua, na kwamba wageni hawapendi habari za ng'ombe.

Hayo mazungumzo ya kutembea hatua chache ndiyo niliyolipia zile elfu sitini, na kampuni ilifanya kila iwezalo nisiyapate.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini jambo hili linanigusa, maana wengine mtasema dereva ameenda kutalii au kuhoji watu. Mwaka 1994 mimi ni mtoto wa darasa la sita Ngara. Mwisho wa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja. Mto Kagera ulikuwa unabeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Waganda walizizika kule Kasensero na Ggolo. Benako, pale tunapokula chipsi na kubadilisha matairi, palikuwa kambi kubwa kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Na ndani ya ile kambi walioua na wasioua walikaa pamoja, na chakula kiligawiwa kupitia viongozi walewale waliokuja na watu wao. Mashirika yalitaka utulivu. Watu wengi namna ile, maji hakuna, kipindupindu kinanyemelea, unampata wapi mtu wa kupanga foleni? Unamchukua meya. Hakuna aliyeuliza meya alifanya nini wiki mbili zilizopita.

Mmoja wao alikuwa Sylvestre Gacumbitsi, meya wa Rusumo yenyewe, hapo ng'ambo tu ya daraja. Mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya Rwanda, baadaye iliona kwamba aliongoza mashambulizi kwenye parokia ya Nyarubuye, ambako maelfu waliuawa katikati ya Aprili. Benako alikuwa kiongozi wa wakimbizi. Alikuja kukamatwa mwaka 2001 mkoani Kigoma, kambini pia. Mwaka 2004 akapewa miaka 30, na rufaa ya 2006 ikaifanya kifungo cha maisha. Mwingine, Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya, alipotakiwa kuondolewa Benako Juni 1994, maelfu ya wakimbizi waliwazingira wafanyakazi wa misaada mpaka hali ikawa mbaya. Yeye alikamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002. Ule utulivu wa kambini, basi, ulikuwa mapumziko ya watu kama hawa, tena kwa mahindi na mafuta ya msaada. Ndiyo maana mtu akiniambia tuache ya zamani tulinde amani, kwanza namuuliza amani hiyo inamlisha nani.

Lakini Arusha nayo siisifii yote. Walishtakiwa watu 93, gharama ilizidi dola bilioni moja, na kesi ziliendelea hadi mwisho wa 2015. Mazuri yapo: hukumu ya Akayesu, meya mwingine, ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ilisema wazi kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Na bila Arusha nani angemfuata Gacumbitsi Kigoma? Ila shahidi wa Nyarubuye alipandishwa ndege, akasema nyuma ya pazia, akarudishwa. Jirani zake hawakusikia hata neno. Wanawake waliobakwa na kuambukizwa UKIMWI walilalamika kwamba watuhumiwa mahabusu Arusha wanapata dawa na wao hawapati. Na upande wa Rwanda, tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani, wengine uwanja wa Nyamirambo, wakati wapangaji wakubwa walioko Arusha adhabu yao ya juu kabisa ilikuwa kifungo cha maisha. Hukumu ya kifo Rwanda ilikuja kufutwa mwaka 2007.

Gacaca yenyewe, ambayo ziara hii iliipitia kwa sentensi mbili, ilizaliwa kwa shida ya kawaida kabisa: jela. Mwishoni mwa miaka ya tisini magereza yalikuwa na watu zaidi ya 100,000, wengine wamelala kwa zamu, na kwa mwendo wa mahakama za kawaida kesi zingekwenda zaidi ya miaka mia. Wakarudisha baraza la nyasini. Mahakimu wakachaguliwa kijijini, hawalipwi, hawana elimu ya sheria, wanaitwa inyangamugayo. Wakili hakuna. Majaribio 2002, nchi nzima 2005, kufungwa Juni 2012, mahakama kama 12,000 na kesi karibu milioni mbili. Kasoro zake ni nyingi na zinajulikana: watu walisingiziwa kwa ugomvi wa mashamba, mashahidi walitishwa na wengine kuuawa, mahakimu kadhaa wenyewe wakaonekana walishiriki. Waliookoka walisomeshewa watoto na kutibiwa na mfuko wa serikali, lakini fidia ya mali nyingi ndiyo hiyo ya ng'ombe wa yule mama.

Hata hivyo mama alipata shimo. Arusha isingempa shimo. Jela ya miaka thelathini isingempa shimo, kwa sababu mtu asiyepunguziwa kitu hana sababu ya kufungua mdomo. Biashara hiyo, miaka kwa ukweli, ni chungu kwa aliyefiwa, na bado mimi naiona ilikuwa na thamani kuliko ule ukimya wa Benako. Ninachokikataa ni kuuziwa kama sikukuu. Kijana wetu alirudia sana kwamba sasa wote wamesameheana, na kila aliporudia nilimwona yule mama anatazama vikapu vyake.

Kuna swali la pili ambalo Mkenya mmoja tuliyekuwa naye aliuliza, kuhusu raia waliouawa mwaka ule ule na askari wa RPF, waasi waliokuja kushika serikali. Nalo lilipigwa chenga. Gacaca haikupewa kesi hizo. Arusha haikumshtaki hata mmoja wa upande huo. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ya Kigali iliwashtaki maofisa wanne kwa mauaji ya maaskofu na mapadri wa Juni 1994. Wawili waliokiri walifungwa, wawili wakubwa wao wakaachiwa. Sisemi mambo haya yanalingana na yale ya Nyamata, hayalingani, na anayeyalinganisha ndani ya lile kanisa ana lake. Lakini ukibeba mzigo wa kwenda Goma unajua kwamba ng'ambo ya pale hakuna gacaca wala Arusha. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti mwaka 2010 yenye matukio zaidi ya 600 ya Kongo kati ya 1993 na 2003, na mpaka leo ni ripoti. Mwongozaji hawezi kujibu yote hayo kwenye basi, naelewa, ana kazi yake na watoto wake. Angesema tu hilo siwezi kulizungumza hapa, tungenyamaza wote kwa adabu. Kucheka na kutaja foleni ni dharau.

Kwa hiyo: gari na dereva nyota tano. Chakula tatu. Gisozi na Nyamata sizipi nyota, si mahali pa kupewa nyota. Kampuni mbili, na moja kati ya hizo ni ya usafi wa basi.

Mkitaka kwenda, nawashauri hivi. Kama mnasikia Kinyarwanda, au mna Mhangaza, Msubi au Mha kati yenu, Gisozi fanyeni wenyewe kwa pikipiki, tengeni asubuhi nzima, ila si Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana asubuhi hiyo ni umuganda, kazi za jamii za nchi nzima, na milango imefungwa. Kwa Nyamata pandeni basi la kawaida, na mpeni mwongozaji wa pale muda wake wote. Kijijini msiende na kundi. Nendeni na mtu anayefahamika huko, mpeleke sukari na sabuni badala ya bahasha, mkae. Mkilazimika kutumia kampuni, andikianeni kwenye simu kabla ya kulipa kwamba duka la vinyago halimo.

Na kwa sisi wa Rusumo, Nyarubuye ipo njiani kabisa na hakuna ziara hata moja niliyoona inayopeleka watu huko. Unaacha barabara kuu ndani ya wilaya ya Kirehe, unafuata ya vumbi kuelekea mpaka wetu, mpaka kwenye parokia na makumbusho yake. Lori usilipeleke. Liache kwenye maegesho Rusumo na utingo alilinde, chukua pikipiki, patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.